Ghala la chama, hati ya mwenyekiti

SOKO LA HUDUMA: Sheria za vyama vya wafanyabiashara na mashirika yasiyogawana faida

Vyama vingi vya wafanyabiashara nchini huanza na vitu vitatu: daftari la michango, muhuri wa mpira na mwenyekiti anayeaminiwa na wote. Kwa miaka michache mambo huenda vizuri. Michango hukusanywa, wafiwa hufarijiwa, na halmashauri ikipandisha ushuru wa soko wajumbe huteuliwa kwenda kuonana na mkurugenzi. Tatizo huanza siku chama kinapopata mali.

Chukua chama cha wauza nafaka sitini katika mji wowote wa mkoani. Kwa miaka saba wamechangishana hadi wakanunua kiwanja na kujenga ghala. Siku ya kuandikisha hati, ofisa wa ardhi anauliza jina la mmiliki. Chama kina cheti cha jumuiya, lakini hakina wadhamini walioandikishwa, na cheti hicho peke yake hakikifanyi chama kuwa mtu mbele ya sheria. Msimu wa mavuno umekaribia, hakuna mwenye subira, na kikao kinakubaliana hati iandikwe kwa jina la mwenyekiti "kwa muda". Muda huo unageuka kuwa miaka tisa. Mwenyekiti anafariki, mahakama inateua msimamizi wa mirathi, na msimamizi katika kukusanya mali ya marehemu anaikuta hati ya ghala sandukuni.

Msimamizi huyo hana kosa. Kazi aliyopewa ni kukusanya kila kilichoandikwa jina la marehemu na kukigawa kwa warithi. Watoto wa marehemu hawakuwahi kuhudhuria kikao chochote cha chama. Wanachama sitini ndio wanaotakiwa kuieleza mahakama kwamba fedha zilikuwa zao, na swali la kwanza watakaloulizwa ni la karatasi: risiti ziko wapi, na muhtasari wa kikao uliandikwa na nani?

Gharama ya kuzuia mgogoro wa namna hiyo ni ndogo kuliko ya kuumaliza. Huduma ya sheria kwa vyama na mashirika yasiyogawana faida ni eneo la biashara ambalo mawakili wengi walilipuuza wakati wakifuata kesi za mabenki na mikataba ya migodi, na ambalo viongozi wa vyama nao wamekuwa wakilikumbuka baada ya maji kumwagika.

Milango ya usajili

Kazi ya kwanza ya mwanasheria wa chama ni kuuliza chama kinataka kufanya nini, kisha kukielekeza kwenye mlango unaofaa. Tanzania Bara ina milango kadhaa, na kila mmoja una mwenyeji wake.

Wa kwanza ni Sheria ya Jumuiya, Sura 337, iliyotungwa mwaka 1954 wakati wa mkoloni. Msajili wake yuko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mlango huu unafaa kwa watu wanaojiunga kwa ajili ya ustawi wao wenyewe, iwe kwa taaluma, dini, utamaduni au uchumi. Vyama vingi vya masoko na vya mafundi vimepitia hapa kwa sababu taratibu zake zinaeleweka na wanachama wa kawaida.

Wa pili ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ulioanza kazi mwaka 1999. Hapa chama husajiliwa kama kampuni yenye ukomo wa dhamana. Kampuni ya aina hii haina hisa wala gawio. Kila mwanachama huahidi kiasi fulani atakachotoa iwapo kampuni itafilisika, na kiasi hicho huweza kuwa kidogo sana. Faida yake ni kwamba kampuni ni mtu kamili kisheria: inamiliki kiwanja, inafungua akaunti, inashitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Mzigo wake ni taarifa za kila mwaka kwa msajili na, tangu marekebisho ya mwaka 2020, maelezo ya watu wanaoidhibiti kampuni au kunufaika nayo.

Wa tatu ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Huu ni kwa wale wanaohudumia jamii nje ya mzunguko wa wanachama wao, kama vile shirika la kuchimba visima au la kusomesha yatima. Shirika huweza kusajiliwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa, na hutakiwa kupeleka ripoti ya shughuli na hesabu zake kila mwaka.

Wa nne ni Sheria ya Uandikishaji wa Wadhamini, Sura 318, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Mlango huu hausimami peke yake kila mara. Mara nyingi chama kilichokwisha kusajiliwa kama jumuiya huwaandikisha wadhamini wake RITA, nao wakapata muhuri na haki ya kumiliki mali kwa niaba ya wanachama. Mdhamini mmoja akifariki, mali haiendi kwa watoto wake. Inabaki kwa bodi, na mwingine huteuliwa kujaza nafasi.

Wauza nafaka wa mfano uliotolewa hapo juu walihitaji mlango huu wa nne kabla ya kwenda ofisi ya ardhi. Hata kama wasingeweza kusubiri, mwanasheria angemwandalia mwenyekiti tamko la udhamini, karatasi ya kurasa chache inayosema kwamba kiwanja ni cha chama na yeye ameshika jina tu. Tamko hilo, likishuhudiwa inavyotakiwa na kuhifadhiwa pamoja na hati, lingekuwa jibu la swali la mahakama miaka tisa baadaye.

Iko milango mingine kwa kazi maalum. Chama cha waajiri kinachotaka kujadiliana na vyama vya wafanyakazi kuhusu mishahara huangukia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ushirika wa mazao una Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Zanzibar ina sheria na wasajili wake, na cheti cha Bara hakitoshi kufungulia ofisi Unguja au Pemba.

Mageuzi ya mwaka 2019

Kwa muda mrefu milango hii ilikuwa na nyufa kati yake. Shirika la hisani liliweza kujiandikisha kama kampuni ya dhamana na kuendesha miradi yake bila kupita kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na wengine walishika vyeti viwili kwa wakati mmoja.

Hali hiyo ilibadilishwa katikati ya mwaka 2019, Bunge lilipopitisha Sheria Na. 3 ya mwaka huo iliyorekebisha sheria mbalimbali kwa mkupuo. Kampuni za dhamana ziliachiwa malengo ya kukuza biashara, uwekezaji na mambo ambayo msajili ataona yanafanana na hayo. Zilizokuwa zikifanya kazi za mashirika yasiyo ya kiserikali zilitakiwa kuhamia kwenye sheria inayohusika, na muda uliotolewa ulikuwa miezi miwili. Aidha, cheti cha shirika lisilo la kiserikali ambacho awali hakikuwa na kikomo kilipewa uhai wa miaka kumi, baada ya hapo kinahuishwa.

Mwaka mmoja kabla, kanuni za mwaka 2018 zilikuwa zimetaka mashirika yatangaze hadharani fedha wanazopata zinapozidi Sh. milioni 20 na kuwasilisha mikataba ya ufadhili serikalini ndani ya siku chache baada ya kutiwa saini.

Kwa vyama vya wafanyabiashara matokeo yalikuwa ya aina mbili. Chama chenye lengo la kukuza biashara kiliendelea kubaki BRELA bila wasiwasi. Lakini chama ambacho katiba yake ilichanganya mambo, ukurasa mmoja ukitetea wanachama na wa pili ukiahidi zahanati kwa kijiji kizima, kilijikuta hakijulikani ni cha nani. Mfadhili akitaka kutoa fedha za zahanati huuliza cheti cha shirika lisilo la kiserikali. Chama kina cheti cha kampuni.

Njia inayotumika ni kutenganisha. Chama hubaki na kazi zake za wanachama, na mfuko wa huduma kwa jamii husajiliwa mbali, ukiwa na bodi, akaunti na hesabu zake. Ni gharama mbili badala ya moja, lakini fedha za hisani hazichanganyiki na ada za wanachama, na siku ya ukaguzi kila shilingi inajua kwao.

Bei haipangwi kikaoni

Hatari inayowashangaza viongozi wengi ni ya ushindani. Chama huona ni haki yake kukaa na kukubaliana kwamba kuanzia Jumatatu hakuna atakayeuza gunia chini ya bei fulani. Wauzaji hulitazama jambo hilo kama umoja, lakini sheria inalitazama kama kosa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1994, inakataza washindani kupanga bei, kumgomea mteja au msambazaji kwa pamoja, na kula njama katika zabuni. Kwa makosa hayo matatu haisaidii kujitetea kwamba soko halikuathirika. Sheria ilipotungwa iliweka faini ya kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka ya mkosaji. Anayefanya biashara ya mahindi kwa faida nyembamba anaweza kupiga hesabu mwenyewe aone kitakachobaki.

Nchini Kenya, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inavitaja vyama vya wafanyabiashara waziwazi, ikiwemo chama kinachotoa mapendekezo ya bei kwa wanachama wake. Mwezi Agosti mwaka 2023 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilitangaza kuzitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya Sh. za Kenya milioni 338.8 kwa kosa la kupanga bei na kubana uzalishaji.

Mstari unaotenganisha halali na haramu unaeleweka ukitazamwa kwa makini. Chama kinaruhusiwa kukusanya bei za wiki iliyopita na kuzitangaza kwa jumla bila kutaja nani aliuza kwa kiasi gani. Kinaruhusiwa kufundisha wanachama kukokotoa gharama, kupigania mizani sahihi na kuomba ushuru upunguzwe. Bei za jana ni habari. Bei za kesho zikikubaliwa mezani, au kwenye kundi la simu la wanachama, ni ushahidi.

Kwa sababu hiyo, chama chenye mwanasheria humpelekea ajenda kabla ya kikao, na katika mikutano mikubwa humwita akae ndani. Mjumbe akianza kuzungumzia bei, mwenyekiti humkatisha na katibu huandika kwamba mazungumzo yalisitishwa. Mwanachama anayeona mazungumzo yanaendelea hushauriwa aondoke na atake kuondoka kwake kuandikwe kwenye muhtasari.

Kodi, kukopeshana na wafanyakazi

Kosa jingine ni kudhani kwamba shirika lisilogawana faida halina kodi. Kusajiliwa na msajili yeyote hakuleti msamaha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatoa nafuu kwa shirika la hisani lenye sura ya umma, lililoanzishwa kwa ajili ya mambo kama kuondoa umaskini, kuendeleza elimu au kutoa huduma ya afya kwa jumla, na nafuu hiyo hupatikana baada ya Kamishna wa Mamlaka ya Mapato kutoa uamuzi wa maandishi. Asiyekuwa na uamuzi huo huhesabiwa kama wengine, na kiwango cha kawaida kwa kampuni ni asilimia 30 ya faida.

Chama cha wafanyabiashara kwa kawaida hakifikii sifa ya hisani kwa kuwa kinahudumia wanachama wake. Kikipangisha ukumbi, kikiuza nafasi za maonyesho au kikitoza ada ya mafunzo kwa watu wa nje, mapato hayo yatazamwe mapema na mtu anayejua kodi. Hata chama kisicho na faida hubaki mwajiri: hukata kodi ya mshahara wa katibu na mlinzi na kuiwasilisha.

Kukopeshana nako kuna sheria. Mfuko wa dharura unaogeuka kuwa wa mikopo yenye riba huingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa husajiliwa kupitia serikali za mitaa, na anayefanya biashara ya kukopesha huhitaji leseni. Maneno "ni mambo yetu wenyewe" hayatoshi.

Ajira ni eneo la nne. Katibu mtendaji anayeachishwa kwa kura ya kunyoosha mikono, bila kupewa sababu wala nafasi ya kujitetea, ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mkutano mkuu unaweza kuwa na hasira za haki, lakini usipofuata utaratibu chama ndicho kitakacholipa.

Limeongezeka pia la taarifa za watu. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika. Daftari la wanachama lenye majina, namba za simu na za vitambulisho si mali ya katibu kuwagawia wauza bima au wagombea wa uchaguzi.

Nani anasema kwa niaba ya nani

Mwezi Mei mwaka 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa na wafanyabiashara waliokuwa wakilalamikia ukusanyaji wa kodi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Mwezi Juni mwaka 2024 maduka yalifungwa tena. Kila mara serikali ilihitaji watu wa kukaa nao mezani, na kila mara lilikuwepo swali linalokihusu chama chochote: aliyesimama kuzungumza ametumwa na kikao gani?

Jibu liko ndani ya katiba ya chama. Akidi ni wangapi, uchaguzi ni baada ya miaka mingapi, nani huitisha mkutano wa dharura, na mgogoro wa ndani humalizwa wapi kabla ya kufika mahakamani. Katiba nyingi hunakiliwa kutoka chama kingine na kubadilishwa jina tu, hata wauza samaki wakajikuta na kifungu kinachotaja mashamba ya chai. Kundi likigawanyika, pande zote mbili hushika katiba hiyohiyo na kila upande hupata kifungu chake, huku benki ikizuia akaunti hadi ijulikane saini halali ni za nani.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kisingizio cha katiba ya Kiingereza ambayo wanachama hawaisomi kimepungua nguvu. Mwanasheria mzuri huandika katiba ambayo mwanachama wa nyuma kabisa ukumbini anaweza kuisoma mwenyewe.

Ada na namna ya kuajiri

Ada za mawakili zina Amri ya mwaka 2015 inayoweka viwango kwa baadhi ya kazi, na kazi nyingi za vyama hufanyika kwa makubaliano. Njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni ada ya kazi moja, kama kuandika katiba au kuandikisha wadhamini. Ya pili ni ada ya kila mwezi au mwaka, ambapo wakili hujibu maswali ya kawaida na kuhudhuria mikutano kadhaa. Ya tatu ni ada ya saa, inayowafaa zaidi wenye mifuko mirefu.

Chama kidogo hufaidika zaidi na njia ya pili kikiungana na vyama jirani. Vyama vitano vya soko moja vinaweza kumlipa wakili mmoja kwa kazi za kawaida, mradi ikubaliwe kwa maandishi kwamba vikigombana vyenyewe kwa vyenyewe wakili huyo hatashika upande wowote.

Kabla ya kutoa fedha, kiongozi ahakikishe mambo manne. Kwanza, wakili awe na leseni hai ya mwaka huo, kwani vishoka wanaogonga mihuri kwenye vibaraza bado wapo. Pili, mkataba wa ada uandikwe na utaje kazi, kiasi na gharama za ofisi za serikali kando na ada ya wakili. Tatu, ijulikane mteja ni chama, si mwenyekiti. Wakili anayemtetea mwenyekiti binafsi dhidi ya wanachama waliomlipa amekwisha kupoteza njia. Nne, nakala za nyaraka zote zirudi ofisini kwa chama, zisibaki kwenye kabati la wakili wala chini ya kitanda cha katibu.

Wauza nafaka wa mfano huu huenda wakalipata ghala lao. Shahidi mmoja anaweza kuwa na risiti za saruji, mwingine akakumbuka tarehe, na warithi wakaona haki. Lakini msimu wa mavuno hausubiri hukumu, na ghala lenye kesi halipokei mzigo wala halikubaliwi na benki kama dhamana. Wazee walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vyama vya leo, daftari hilo ni pamoja na jina lililoandikwa juu ya hati.